To the Bone: filamu ya kutazamwa na wazazi kwanza

To the Bone, iliyoandikwa na kuongozwa na Marti Noxon na kuoneshwa Netflix tangu Julai 2017, inamhusu Ellen, msichana wa miaka 20 mwenye anoreksia, yaani maradhi ya kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa. Nguvu ya filamu imo katika mambo madogo: Ellen anakitazama chakula kilichomo sahanini na kutaja kalori za kila kitu, kisha anauzungushia mkono wake vidole kupima kama bado vinakutana. Mzazi wa hapa Unguja akishaviona vitendo hivyo ataweza kuvitambua nyumbani, ambako tunakula sinia moja na si rahisi kujua nani ameshiba na nani amelichezea tonge tu, hasa mwezi wa Ramadhani, ambapo binti anayejinyima husifiwa kwa ucha Mungu, na akisema wakati wa futari kwamba tumbo limejaa, hakuna anayemshuku.

Hata hivyo, kamera inaukaribia mno mgongo wa Ellen uliotoka mifupa. Lily Collins, aliyemwigiza Ellen na ambaye mwenyewe aliwahi kuugua maradhi ya kula, alipunguza uzito ili aigize, nami naona hilo halikuwa la lazima, kwa sababu kijana mgonjwa anaweza kuitazama mifupa ile kwa husuda. Wanaokula kupita kiasi au kujitapisha kwa siri wamo pia, lakini wamepewa nafasi finyu, ilhali ndio ambao miili yao mara nyingi haiwatambulishi. Baba yake Ellen haonekani hata mara moja, na kutokuwepo kwake kumeelezwa vizuri kuliko hotuba zote za daktari aliyeigizwa na Keanu Reeves.