Seti ya sola ya darasa jipya Malindi: betri nzuri, bolti mbovu

Seti hii inayouzwa madukani Malindi ina paneli 2 za wati 200, betri ya lithiamu ya volti 12, ampea-saa (Ah) 100, na taa 8 za LED za wati 18. Taa zote zikiwaka saa 3 za prepu zinakula wati-saa (Wh) 432; betri inabeba Wh 1,200 hivi (12 × 100), kwa hiyo inavuka jioni mbili za mawingu ya masika. Hapo tunaisifu bila kusita.

Bolti ndizo mbaya. Ni chuma kilichopakwa zinki, na chumvi ya bahari huzila upesi. Nunueni za stenlesi daraja la 316, na muweke washa (pete bapa) za plastiki bolti zinapogusana na reli za alumini zinazoshika paneli. Waya wa milimita za mraba 2.5 nao haufai: paneli zikiungwa mfululizo (moja baada ya nyingine), mita 15 kutoka paani hupoteza karibu asilimia 7 ya umeme. Tumieni wa 6.

Paa lielekee kaskazini, mwinamo nyuzi 10 hivi, mvua ioshe vumbi. Na mwambieni mwashi alaze mabomba ya waya kabla ya plasta, tafadhali! Kutoboa ukuta uliokwisha huacha nyufa.