Uzoefu wangu: nilivyomtafuta babu aliyefungwa Ngomeni, kwa magazeti ya zamani na nyaraka za taifa

Naandika hii manake nilipoanza kutafuta sikupata mtu hata mmoja wa kunielezea kwa Kiswahili inaendaje, yote nilijifunza kwa kupotea. Kama una mzee kwenye ukoo ambaye habari zake watu wakifika hapo wanabadilisha mazungumzo, soma mpaka chini.

Sisi ni watu wa Mombasa. Tangu utotoni tuliambiwa baba yake babu "alikwenda bara kwa kazi za reli", akakaa huko kitambo alafu akarudi. Ndo hivyo tu, na hakuna aliyeuliza. Sasa kwenye hitma ya bibi mwaka juzi, tumekaa barazani baada ya watu kuondoka, baba akaanza tena hadithi ya reli, shangazi yangu mkubwa akaweka kikombe chini akasema, "Reli gani? Yule mzee alikula sima ya serikali hapo Ngomeni, kabla ya vita vya Mjerumani." Alafu akanyamaza na hakutaka kuongeza neno.

Kwa wasiojua, Ngomeni ni Fort Jesus, na vita vya Mjerumani ni Vita vya Kwanza vya Dunia. Kabla ya kuwa makumbusho ilikuwa gereza, tangu 1895 hadi 1958. Mimi nimeingia mle nikiwa darasa la tano na wenzangu, tumekimbia kwenye kuta zile tukipiga kelele, kumbe kuna mtu wetu alilala ndani. Hilo lilinikaa kichwani wiki nzima, ndo nikaanza.

Nilianza vibaya, na intaneti. Niliingia kwenye saiti moja ya ng'ambo ya kulipia, ya magazeti ya zamani, wanakwambia wiki ya kwanza bure, nikaweka kadi. Nilitafuta jina la mzee kila namna sikupata kitu, manake mengi waliyonayo ni magazeti ya kwao huko, na wiki ikaisha wakakata hela ya mwaka mzima. Nimewaandikia imeli mara nne. Kwa hivyo la kwanza nawaambia, msiweke kadi popote kabla hamjaangalia orodha ya magazeti waliyonayo na miaka yake, hio orodha huwa ipo na kuisoma ni bure.

La pili, ambalo lingeniokolea miezi miwili. Nilikuwa natafuta "Kenya". Kwa mwaka wa 1912 hakuna Kenya! Nchi ilikuwa inaitwa East Africa Protectorate, jina la Kenya Colony limekuja 1920. Mkoa wa Pwani nao ulikuwa unaitwa Seyidie Province. Mombasa yenyewe mara nyingine waliiandika Mombassa kwa s mbili. Na majina ya wazee wetu karani aliyaandika alivyosikia, leo Khamis, kesho Hamisi, keshokutwa Hamees, "bin" mara ipo mara haipo. Mimi niliandika kwenye daftari namna kumi na moja za jina la mzee wangu nikawa natafuta moja moja. Isitoshe kurasa zilizoskaniwa zinasomwa na mashine, na mashine ikiona r na n zimekaribiana inasoma m, kwa hivyo usiamini ikikwambia hakuna, fungua ukurasa usome kwa macho yako.

Kitu cha bure nilichokipenda ni Gazeti Rasmi la serikali, hii tunayoita Kenya Gazette. Limeanza kutoka 1899 na matoleo mengi ya zamani yako onlaini, unasoma kwenye simu ukiwa kwenye matatu. Lakini mwanzo nililiona halina faida kwangu, manake mle hutapata wizi mdogo mdogo, ni nani kateuliwa, nani kahamishwa, ardhi ya nani inauzwa, mirathi ya nani inagawanywa. Nikaliacha. Nitalirudia.

Nikaenda Nairobi, nina binamu anaishi Eastleigh akanipokea. Kituo cha kwanza maktaba ya McMillan, pale Banda Street karibu na msikiti wa Jamia, jengo lile lenye simba wawili mlangoni. Wana magazeti ya zamani ya hapa kwetu. East African Standard ndo nilikuwa nalitaka, lilianza Mombasa 1902 kwa jina la African Standard, mwenyewe A. M. Jeevanjee, baadaye akaliuza, na 1910 likahamia Nairobi. Nilisoma siku nne. Nikaona kitu kimoja kilichoniumiza kweli kweli. Mzungu akipoteza mbwa, anaandikwa jina lake na jina la mbwa. Mwafrika akipelekwa kortini ni "a native", basi. Mistari mitatu, hana jina, hana baba, hana mtaa. Sasa utamtafutaje mtu kwa jina wakati jina hawakuliandika? Nilitoka pale jioni ya siku ya nne nikakaa kwenye ngazi za maktaba nikampigia mke wangu nikamwambia nakata tamaa. Maktaba yenyewe ilifunguliwa 1931 kwa ajili ya Wazungu peke yao, na mimi nimekaa kwenye kiti chao nasoma magazeti yao, na mtu wangu hayumo.

Binamu yangu ndo aliyenisukuma niende Nyaraka za Taifa, Kenya National Archives, jengo la zamani la Bank of India pale Moi Avenue, kila mtu anapanga miadi nje yake lakini wengi hatujawahi kupanda juu. Hapa nasema wazi kwamba nimehudumiwa vizuri. Unajisajili, unalipa ada, begi unaacha, kalamu ya wino huingii nayo, penseli tu. Alafu unaeleza unatafuta nini. Mzee mmoja pale kwenye meza alinisikiliza hadithi yote mpaka sima ya serikali bila kucheka, akaniambia usitafute mtu, tafuta ofisi. Yaani jiulize, nani wakati huo alikuwa anaandika habari za mtu kama huyu? Polisi, hakimu, liwali, mkuu wa mkoa. Ndo unaomba mafaili ya ofisi hizo. Ya mkoa wetu yanaanzia na PC/COAST (PC ni Provincial Commissioner, mkuu wa mkoa) na ni mengi. Nyingine ziko kwenye mikrofilamu, yaani picha ndogo ndogo za kurasa kwenye mkanda, unauzungusha kwenye mashine, ukikaa masaa mawili macho yanawasha na kichwa kinazunguka, kwa hivyo kila nusu saa simama ukaangalie dirishani.

Siku ya tatu nikampata.

Si kwenye faili lenye jina lake, hapana, alikuwa katikati ya furushi la karatasi za korti ambazo nusu yake zimeliwa pembeni. Jina lake, la baba yake, na mtaa, ambao mpaka leo tuna jamaa pale. Nilisoma mara tatu kabla sijaamini. Pembeni pameandikwa "381 I.P.C." na chini "6 months R.I.", nami sikuelewa hata moja. Nikamtumia meseji rafiki yangu wakili, akanifafanulia: kabla ya 1930 huku kwetu zilikuwa zinatumika sheria za jinai za India, Indian Penal Code, ndo hio I.P.C. Kifungu cha 379 ni wizi wa kawaida, 381 ni mtumishi kumwibia tajiri wake, yaani aliyemwajiri, na adhabu yake inaweza kufika miaka saba. R.I. ni kifungo cha kazi ngumu. Kwa hivyo namba tatu tu zilinieleza kwamba mzee wangu alikuwa kaajiriwa na aliyemshtaki ndiye tajiri wake. Tafadhali mkiona namba pembeni msiziruke.

Kosa lenyewe, majora mawili ya merikani, kitambaa cha pamba, kutoka ghala la mfanyabiashara wa kitambaa. Na hakukana. Pana maelezo yake, mistari kama tisa hivi. Yako kwa Kiingereza cha karani lakini yule mzee alisema Kiswahili, na mkalimani akageuza, kwa hivyo nilikaa pale na penseli nikijaribu kuyarudisha alivyoyasema. Alisema amefanya kazi miezi mitatu hajalipwa mshahara, kila akiuliza anaambiwa ngoja meli. Neno moja halikutafsiriwa, limebaki kama alivyolitoa mdomoni: posho. Alikuwa anapewa posho tu, mshahara hakuna. Akasema alichukua majora yale kwa hesabu ya pesa zake. Hakimu hakuandika kama aliuliza lolote juu ya huo mshahara. Chini ya maelezo kuna dole gumba lake la wino. Nilikuwa sijawahi kuona chochote cha mtu huyu, picha hatuna, kaburi hatulijui vizuri, na hapo ndo kuna kidole chake. Niliomba nakala, unalipia kila ukurasa, na nililipa nikiwa nalia, yule mzee wa mezani akajifanya hanioni na namshukuru kwa hilo.

Sasa tatizo, kona yenye tarehe ilikuwa imechanika. Hapa ndo Gazeti Rasmi lilinirudishia heshima yake. Karatasini pana jina la hakimu, na mahakimu wote uteuzi wao na uhamisho wao ulitangazwa mle. Nikapata alipoletwa Mombasa na alipoondoka, nikabaki na miezi 14, kati ya 1912 na 1913. "Kabla ya vita vya Mjerumani", shangazi alikuwa sawa kabisa, na ye hakuwa amezaliwa. Nikarudi McMillan na miezi yangu 14 tu, siku moja na nusu nikaipata. Mistari minne. Jina la tajiri lipo, la hakimu lipo, idadi ya majora ipo, alafu "a native in his employ". Habari ya mshahara hakuna. Kama ningekuwa na gazeti peke yake ningeondoka na mwizi tu, kwa hivyo mtu akikwambia magazeti yanatosha, mwambie aende na kwenye mafaili.

Kwa wenye wazee wa miaka ya hamsini, wa Mau Mau na wa vizuizini, njia ni tofauti kidogo. Waingereza waliondoka na mafaili mengi wakati wa uhuru, wakayaficha hadi ile kesi ya wazee wa Mau Mau kule London ikawalazimisha kukiri 2011, na sasa yamefunguliwa kwenye nyaraka za taifa za Uingereza pale Kew, London, kwenye kundi linaloitwa FCO 141. Mimi sikuyahitaji, mzee wangu ni wa zamani zaidi.

Gharama yangu yote, ukitoa ile hela ya kadi, kubwa ilikuwa ni nauli na chakula. Muda ndo mwingi, safari tatu za Nairobi ndani ya mwaka. Kama unakwenda nenda na sweta, daftari, penseli mbili, na umri wa watu wote kwenye ukoo uliokaribia ukweli. Na kabla ya yote kaa na shangazi zako. Bila ile sentensi moja ya barazani ningekuwa bado nazungusha mikanda ya vibarua wa reli.

Nyumbani haikuwa rahisi. Ami yangu mmoja alikasirika, alisema maiti hafukuliwi, na kwamba nimewaaibisha watoto. Nimemheshimu, jina la mzee siliweki hapa wala popote onlaini. Baba yeye alisoma nakala kimya, alafu akaniomba kwenye ile karatasi ya ukoo niliyoichora nifute kifungo niandike "kibarua". Nilimwambia sitafuta, baba. Nimeandika vyote, kifungu cha 381, miezi sita Ngomeni, na chini yake maneno yake mwenyewe kuhusu miezi mitatu na posho, kwa sababu vimekaa kwenye karatasi moja na mimi sina haki ya kuvitenganisha.

Hakujibu. Wiki iliyopita akaja chumbani kwangu usiku akaniuliza wale watu wa Nairobi wanakubali mzee wa miaka sabini aingie na miwani na fimbo. Nikamwambia wanakubali. Akasema nakala haoni vizuri, anataka lile dole alione kwenye karatasi yenyewe. Tumekata tikiti za treni, Jumanne saa mbili asubuhi, na shangazi kasema naye anakuja.