TAHADHARI: Tapeli anayejidai kusoma kreshi za Linux

Jamani, huyu mtu asimpate mwingine. Seva yangu ya Linux ilianguka tena, ila safari hii kdump, zana ya kunasa ajali za kerneli (kiini cha Linux), ikawahi kuhifadhi vmcore, yaani nakala ya memori ya wakati wa kuanguka. Nikasema afadhali, jibu limo humu, kazi ni kumpata wa kulisoma. Nikampa yeye. Kwa nini nisimwamini? Aliniuliza mwenyewe kama nilitenga memori ya crashkernel, ile ambayo kdump huihitaji! Anayeuliza hivyo utamdhaniaje tapeli?

Ripoti ikaja, kurasa tele, ina muhuri. Tukaifungua pamoja kwenye skrini, mshale wake ukasimama juu kabisa ya bektresi, ile orodha ya fankisheni (vipande vya msimbo) zilizoitana hadi kuanguka: "Unaziona panic na crash_kexec? Hizi ndizo zimeua kerneli. RAM yako imekufa." Akashuka kwenye mistari yenye alama ya kuuliza, akaisoma mmoja mmoja kwa sauti ya daktari, kila mmoja akaupa ugonjwa wake. Na RAM mpya, kumbe, anauza yeye! Nikalipia ripoti, nikalipia na RAM, nikaenda kumhakikishia bosi kwamba yamekwisha.

Seva ikaanguka vilevile. RIP, yaani mahali prosesa ilipokuwa ikitekeleza, kwenye fankisheni ileile, ofseti (umbali ndani yake) ileile, anwani ya memori ileile 0000000000000008, yaani pointa tupu, isiyoelekeza popote. RAM mbovu kwa kawaida huangusha huku na kule, si palepale kila mara. Na mstari wa RIP ulishataja moduli (kipande kinachopachikwa kwenye kerneli) kwenye mabano ya mraba: ni draiva ya nje, isiyokuja na kerneli yenyewe, ndiyo iliyoipa kerneli alama ya Tainted O. Alipita juu yake kama haupo! Hizo panic na crash_kexec ni kerneli ikisimama na kuanzisha uhifadhi wa dampu, yaani hiyo vmcore, baada ya kosa kutokea. Mistari yenye alama ya kuuliza ni anwani zilizookotwa tu kwenye staki (memori ya kufuatilia miito ya fankisheni), kerneli yenyewe haina uhakika nazo.

Mwizi huyu hakuuliza toleo la kerneli, wala hakutaka vmlinux, faili la kerneli lenye taarifa za debagi (za kutafutia makosa), la toleo hilohilo. Bila hilo, aliifunguaje vmcore kwa crash, programu ya kuisomea? Hakuifungua! Lakini faili lote alilichukua, na humo mna yaliyokuwa kwenye memori, funguo na nywila. Sasa hivi nabadilisha kila kitu.

Arudishe fedha, ashtakiwe, afungwe, na asiguse seva ya mtu tena. Kila aliyeuziwa RAM naye ajitokeze, tupeleke malalamiko polisi kwa pamoja.