Sponji ya Hewa ya Motokrosi kwa Vumbi la Nakuru

Habari zenu watazamaji, Nakuru na kwingineko. Mezani leo ni eya klina, kichujio cha hewa inayoingia injini, ya pikipiki za motokrosi, yaani mbio za njia za udongo; ni ya sponji, tabaka mbili: la nje matundu makubwa, la ndani matundu madogo.

Mchezo huu ulianzia Camberley, Uingereza, mwaka 1924, waandaaji walipoacha kutoa alama za ustadi wa kuendesha wakabaki na muda peke yake. Mwaka 1947 Uholanzi ikaandaa mashindano ya kwanza ya mataifa, Motocross des Nations, Waingereza wakashinda. Siku hizi kila nchi hupeleka waendeshaji 3, kila mmoja hukimbia mara 2, na katika matokeo 6 lile baya kabisa hufutwa. Moja tu! Pikipiki ikizima, timu imeshakula akiba yake.

Na vumbi letu ni kali. Waliofuata Safari Rally kule Kedong, karibu na Naivasha, wanaijua fesh-fesh, majivu ya volkano laini kama unga. Likipita eya klina, linasugua silinda na ringi za pistoni kama msasa. Kompresheni, ule mgandamizo ndani ya silinda, inashuka, moshi wa bluu unaanza.

Sogeeni muone mshono huu. Umeshikwa na gundi. Ukiosha kwa petroli gundi inalegea, na vumbi linapita hapohapo. Tumia mafuta ya taa, halafu maji vuguvugu na sabuni ya vyombo. Minya, usisokote kama nguo, itachanika. Anika kivulini ikauke kabisa.

Oili ya injini msitie, tafadhali. Haina unato: pikipiki ikikaa imeegeshwa, oili inateremka chini, sehemu ya juu inabaki kavu, na sponji kavu ni ungo. Chukua oili maalumu ya sponji, ile yenye rangi. Vaa glavu, minyia kwenye beseni hadi rangi ienee, pasibaki doa kavu. Ikidondoka imezidi, injini itakosa pumzi. Iache kama nusu saa, kisha paka grisi nyembamba ukingoni, pale inapokalia boksi la eya klina.

Kwa uwanja wa vumbi, naipitisha bila kusita, ila nunua mbili au tatu ubadilishe kila mbio. Mwenye boda ya lami, mjini hadi mtaa wa Section 58 hapa Nakuru, abaki na ya karatasi. Haihitaji kazi yote hii.

Baada ya kukimbia, toa sponji, pitisha kidole safi ndani ya mpira unaoingia kabureta. Kikitoka na vumbi, usiwashe injini: kagua mshono na ukingo kwanza.