Makumbusho ya Corvette, Bowling Green: msiipite ile nyeupe ya 1953

Waswahili wenzangu wa Louisville, mkiwa na Jumamosi isiyo na shughuli, shikeni I-65 mteremke hadi Bowling Green, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Corvette, gari la spoti la Chevrolet, tawi la General Motors. Haifiki saa mbili barabarani. Kiingilio mtalipa, na kwangu mimi pesa ile ilikwenda kihalali.

Wageni wengi hukimbilia magari yaliyomezwa na ardhi. Alfajiri ya tarehe 12 Februari 2014 sakafu ya ukumbi wa duara ilititia, Corvette nane zikaporomoka shimoni. Tatu zilitengenezwa upya, tano zikaachwa na majeraha yake. Ni kitu cha kuona, sikatai. Shemeji yangu alipiga picha mpaka simu ikazima.

Mimi niliganda kwenye ile nyeupe ya 1953. Kazi yangu Mombasa ilikuwa boti za faiba, na gari hili bodi yake nzima ni faiba. Harley Earl, mkuu wa usanifu wa magari wa General Motors, alilionyesha watu Januari 1953 pale hoteli ya Waldorf-Astoria, New York. Mwisho wa Juni walishaanza kuliunda Flint, Michigan. Kwa kasi hiyo, moldi za kukandamizia bati zingewachelewesha, ndiyo maana wakatumia faiba. Mwaka ule yalitoka 300 tu, mengi yake kazi ya mkono, na mteja hakuulizwa rangi: nje nyeupe, ndani nyekundu, turubai jeusi.

Inameni muangalie mbele. Grili ina meno 13 ya kromu, na taa zimefunikwa wavu kuzuia mawe. Kisha tafuteni kitasa cha mlango kwa nje. Hakipo! Unaingiza mkono ndani ndipo ufungue. Vioo vya kupandisha navyo hakuna. Mvua ikija unatoa vipande vya plastiki kwenye buti unavichomeka milangoni. Gari la dola 3,498 za wakati ule, jamani. Saa ya mizunguko ya injini wameiweka katikati ya dashibodi, mbali na macho ya dereva.

Kilichonifurahisha ni ujanja wa faiba. Haizuii mawimbi ya redio, kwa hiyo antena wakaificha ndani ya kifuniko cha buti, huoni mlingoti popote. Lakini kwa sababu hiyo hiyo nyaya za plagi za injini ilibidi zifunikwe kwa chuma, la sivyo redio ingekoroma safari nzima. Na faiba haipitishi umeme: kila taa inataka waya wake wa ethi, wa kurudisha umeme, kazi ambayo kwenye gari la bati hufanywa na bodi. Fundi aliyezoea bodi za bati angelia.

Injini ndiyo iliyowaudhi wanunuzi. Silinda sita za mstari, kabureta tatu, nguvu farasi 150, halafu gia ya otomatiki ya hatua mbili. Sura ya simba, mwendo wa teksi. Mwaka 1954 kiwanda kilihamia St. Louis wakaunda 3,640, na karibu theluthi moja hazikupata mnunuzi. Mwaka 1955 wakashuka hadi 700.

Kilichoiokoa ni injini ya V8, yaani ya silinda nane, ya 1955, pamoja na ushindani wa Thunderbird ya Ford, maana General Motors wasingekubali kumwachia Ford uwanja. Na yupo Zora Arkus-Duntov, mhandisi aliyeliona gari hili kwenye maonyesho ya New York, akaajiriwa, akaling'ang'ania mpaka likakimbia kweli. Majivu yake yamehifadhiwa humo humo makumbusho.

Wenye watoto wasiopenda magari, wawekeeni nusu siku tu. Wenye kupenda, siku nzima. Na kumbukeni saa za Bowling Green ziko nyuma ya zetu za Louisville kwa saa moja, kwa hiyo mkitoka alfajiri sana mtasubiri mlangoni.