Magofu ya Gede: Matembezi ya Kuongozwa kwa Familia Nzima

Familia inayokaa Malindi au Watamu ningeishauri itenge asubuhi moja kwa ajili ya Gede, hata ikibidi kuiacha bahari. Mji huu wa Waswahili, uliostawi sana katika karne ya 15 na kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 17, umebaki ndani ya msitu, na mizizi ya miti mikubwa imezikumbatia kuta zake za mawe ya matumbawe. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Msiingie bila mwongozaji, kwa kuwa mtoto akiachwa peke yake huona kuta tu. Akiongozwa vizuri huoneshwa kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, kisha huelezwa kwamba nyumba zimeitwa kwa vitu vilivyofukuliwa humo na mwanaakiolojia James Kirkman na wafanyakazi wake kuanzia 1948, kama vile mkasi, kauri, sarafu za Kichina na taa ya chuma. Mtoto akishasikia Nyumba ya Mkasi hataacha kuuliza mkasi huo ulikuwa wa nani na ulifikaje hapo, na jibu lake ndiyo historia yenyewe ya biashara ya pwani yetu.

Kwangu mimi, sehemu iliyo bora kuliko zote ni visima na vyoo vya ndani ya nyumba, maana hapo mtu hutambua jinsi wakazi wa Gede walivyoujali usafi na faragha. Mwombeni mwongozaji asipite hapo kwa haraka, nanyi mwashike mikono watoto wadogo. Mwulizeni pia kwa nini watu waliondoka: kupungua kwa maji ya visima, mashambulizi ya Waoromo, na Wareno kuigeukia Mombasa ni sababu zinazotajwa pamoja, na mwongozaji anayezieleza zote ni wa kuaminika kuliko anayeshikilia moja. Habari za mizimu nazo zisikilizwe kwa heshima, kwa sababu kwa wenyeji wengi mahali hapa ni patakatifu, lakini zisichukue nafasi ya historia.

Vaeni viatu vya kufunika, chukueni maji na dawa ya mbu, na chakula kifichwe, kwani kima hunyakua. Mkimaliza, ingieni Kipepeo, mradi ulioanza 1993 ambao wanavijiji wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuwauza nchi za nje, wakapata kipato bila kuukata msitu.