Tathmini ya tabia: chanzo wamekipata, mpango wakauandika kinyume

Hasira hizi ninazo tangu shule zifunguliwe, leo naziweka mezani.

Kituo kilichomfanyia mwanangu tathmini sikitaji. Kipo Dar, bustani safi, na AC yao utatamani shuka. Mwanangu ana usonji, na darasani alikuwa anajing'ata kifundo cha mkono mpaka ngozi imeota sugu. Nikalipia ile tathmini ya kutafuta tabia inamfaa nini mtoto: nini kinatangulia, anafanya nini, na akishafanya anapata nini. Kazi ya kumwangalia waliifanya vizuri, haki yao siwanyimi. Binti mmoja msaidizi alikaa mkekani na fomu zake, siku kadhaa, anaandika kila kitu. Penseli ikitolewa tu, meno mkononi. Mwalimu akiondoa daftari, mtoto katulia, anacheka. Kwa hiyo hatafuti kuangaliwa, wala hakuna kitu anachokitaka. Anakimbia kuandika.

Sasa fungua ripoti, sehemu ya mpango: "Akijing'ata, atolewe nje akakae barazani mpaka atulie."

Jamani! Mtoto anajing'ata ili asiandike, na ninyi mnamtoa nje asiandike? Hiyo si adhabu, ni mshahara.

Lengo nalo: "Mtoto asijing'ate." Kuna mwanasaikolojia Mmarekani, Lindsley, aliyeacha kipimo tangu miaka ya 1960: jambo ambalo hata maiti analiweza, hiyo si tabia. Maiti hajing'ati! Mimi nilitaka waandike kitu atakachokifanya: aguse kadi ya kuomba kupumzika, mara ngapi kati ya ngapi, tukilinganisha na hesabu za mwanzo ambazo binti alishazichukua. Watafiti Carr na Durand walionyesha mwaka 1985 kwamba mtoto akifundishwa njia nyingine ya kuomba kile anachokipata kwa vurugu, vurugu hupungua. 1985! Mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni.

Nikamuuliza mkuu wao, kwa adabu zote. Hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Mama, nyie wazazi mnadekeza. Hii ni taaluma ya watu." Pale pale mapokezi, wazazi wengine wanasikiliza, na risiti yangu nimeishika mkononi.

Ningesema msikanyage kabisa. Ila yule binti alinifuata getini na kadi aliyoikata kwenye boksi la juisi. Akasema, "Dada, akiigusa tu, mpe mapumziko hapo hapo, usimcheleweshe." Leo kadi inaning'inia kwenye begi, anaigusa, anapumzika kidogo, anarudi kwenye penseli. Kujing'ata hakujaisha, lakini sugu imeanza kulainika.

Basi nendeni, mmuulizie binti. Au hapana, msiende, maana anayesaini mpango ni yule wa simu, na ukishasainiwa walimu wanaufuata ulivyo. Mkienda, ombeni nakala ya fomu za binti, ripoti waachieni wenyewe. Na hela yangu ya ripoti bado naidai.